Magharibi ya Saa Nne

Kama una binti anayetafuta kwenda kujifunza kazi ng'ambo, soma hii kabla hujashika simu. Mimi hakuna aliyeniandikia, ndiyo maana nikaharibu. Nimeishia darasa la nane, kwa hiyo ukikuta neno limekaa upande, lipite tu kama unavyompita punda kichochoroni, uendelee na safari yako.

Binti yangu ni Israa. Ana miaka ishirini na miwili na yuko mwaka wa mwisho katika chuo kimoja Mombasa, anasomea usanifu wa samani. Watu wa mtaa wetu wa Mkomani wakiniuliza anasomea nini nasema, "Viti," nao hunitazama kwa huruma, maana babake, Bwana Hadi, ni seremala, na viti amevitengeneza miaka thelathini bila kupita mlango wa chuo. Lakini kiti cha Israa ni kingine. Siku moja kwenye harusi aliona wanaume wanne wamekwama kwenye ngazi na kiti cha enzi, hakipandi hakishuki, na bibi harusi yuko juu anangoja. Akarudi nyumbani akachora kiti kile kile, mgongo mrefu, mikono mipana, ila kinakunjika kama mkeka. Babake akamkatia mbao za mbambakofi. Kikikunjwa unakibeba kwapani.

Basi akapiga picha, akaanza kuomba nafasi. Alitaka kwenda kuwa mwanagenzi kwa wasanifu wa huko kunakotengenezwa viti vya kukunja, akae nao miezi sita, ajifunze wanavyofanya, arudi afungue karakana na babake. Nafasi zenyewe zipo nyingi, shida ni visa. Wengi wanataka mtu aliyekwisha kuwa huko. Wanaokubali kumdhamini mgeni na kumwombea ruhusa serikalini ni wachache kuliko meno ya nyanya yangu. Israa alipeleka maombi arobaini na moja. Yakarudi majibu arobaini, yote yameanza na "tunasikitika."

"Wanasikitika sana hawa watu," nikamwambia. "Wamefiwa?"

"Mama, usinichekeshe, nitalia."

Ikabaki karakana moja ya Denmark, watu sita tu, lakini wana kibali cha kupokea wanagenzi kutoka nje. Nafasi ilikuwa moja, ya kuanza mwezi wa nane. Israa akaipenda mpaka ikawa hakiliwi chakula bila kutajwa Denmark.

Hapo simu yake ikaanguka majini alipokuwa akishuka mashua gatini. Akaiweka barua pepe yake kwenye simu yangu, na namba yangu akaiandika kila mahali, hata mtandaoni chini ya picha ya kiti, penye ndoto yake ya Denmark. Halafu akaenda Siyu siku tatu kwa mafundi wa ngozi, kutafuta ngozi nzuri zaidi ya kukalia kwenye kiti chake. Mlangoni akaniambia maneno haya, na nayaandika yalivyo ili ujue sikuwa na udhuru:

"Mama, ikija barua, usiguse. Jumatano nitakuwa hapa, nitajibu mwenyewe."

Nikamwambia, "Mimi na simu wapi na wapi?"

Jumatatu asubuhi zikaja mbili.

Ya kwanza ilikuja kwa ujumbe, nami naijua kwa moyo: "Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, mama yetu mpendwa. Natumai wewe, baba, watoto na majirani mu wazima wa afya. Mimi ni Bwana Philip, mkurugenzi wa wanafunzi, Denmark. Kabla ya yote nakupa hongera kwa malezi. Tumekiona kiti cha bintiyo, na visa yake tunaidhamini sisi."

Hongera kwa malezi! Miaka ishirini na miwili sijaambiwa hivyo, hata na Bwana Hadi. Jina lake ni Philip na salamu yake ni ya Kiislamu kamili. Nikasema huyu kalelewa na majirani wema.

Ya pili ilikuja kwa barua pepe, kwa Kiingereza. Nikaiweka kwenye kile kitu cha simu kinachofasiri, kikanipa hivi: "Hai Israa. Kiti kizuri. Kinabeba uzito gani? Tuongee Alhamisi, saa sita mchana kwenu. Inge."

Nikaisogeza juu, nikaisogeza chini, nikidhani salamu imejificha. Hakuna. Sisi hapa ukienda kwa jirani kuomba chumvi, mpaka chumvi itajwe mmeshaulizana hali za nyumba mbili na mgonjwa wa nyumba ya tatu. Nikamwita Bi Zakiya wa mlango wa pili. Bi Zakiya ni rafiki yangu tangu tukiwa na ushungi wa madrasa, na jambo likishapita kwake ndipo linaitwa habari.

Akasoma, akanirudishia simu kwa vidole viwili kama samaki wa jana.

"Mtu gani huyu anaanza na kiti? Huyu hata kwao hawamjui. Na ya nini kuulizia uzito? Anamtaka mtoto au anataka kumpakia?"

Usicheke. Nilikuwa nimesikia redioni mambo ya wasichana wanaoitiwa kazi nzuri, wakifika wananyang'anywa pasipoti na kufungiwa kusugua sakafu. Israa ni mmoja tu niliye naye. Usiku nilikuwa nikimwona katika sakafu ya mtu, ametupa penseli, ameshika tambara.

Nikasema nitawapima wote wawili. Na kipimo nikakipata mwenyewe, nikajiona nina akili. Mtoto wangu anaswali, anafunga. Mtu aliye kweli katika nti ile ya Denmark atajua yuwa, yaani jua, linatua saa ngapi. Nikawaandikia: "Huko kwenu magharibi inaingia saa ngapi?"

Bwana Philip akajibu kabla sijaiweka simu chini. "Saa kumi na mbili na nusu jioni, mama, sawasawa na huko kwenu. Na msikiti uko mlangoni pa hosteli."

Inge akajibu baada ya saa nzima: "Jua? Siku hizi linatua karibu saa nne usiku. Kwa nini? Na uzito?"

Bi Zakiya alicheka mpaka akashika ukuta. "Saa nne usiku! Hilo yuwa limepotea ndia?"

Nami nikacheka. Sisi jua letu tunalijua. Mwezi wa kwanza, mwezi wa sita, mwezi wa kumi, linatua wakati mmoja, ukikosea umekosea dakika chache. Tena uongo huo haukuwa mgeni kwetu. Bwana Hadi ana binamu yake, Athman, fundi wa mitambo ya meli, anakaa Norwe. Miaka ile Ramadhani ilipoangukia mwezi wa sita alikuwa akipiga simu akisema wao wanafuturu karibu saa tano ya usiku. Tulimcheka nyumba nzima. Mimi ndiye niliyempa jina la Athman Futari ya Usiku, likamganda. Nilikuwa nikisema, "Huyu hafungi, anatafuta pa kujificha."

Basi nikamwandikia Inge, kwa mkono wangu na kwa ulimi wa simu: "Bi Inge. Sisi ni watu wa heshima. Hukusalimu, na jua umelisingizia. Israa haji kwako. Uzito wake si kazi yako."

Nikabonyeza. Bi Zakiya akasema, "Umesema vyema, mwenzangu."

Jumanne Bwana Philip akapiga simu. Sauti laini kama maziwa ya mtindi. Akaniuliza mguu wangu, maana nilikuwa nimemtajia mguu. Akasema zimebaki picha za pasipoti na vyeti, na ada ndogo ya kushughulikia visa, nitume kwenye namba ya simu atakayonipa. Katikati ya maneno nikamsikia akigeuka pembeni akasema, "Weka na pilipili, usiogope." Nikafurahi. Nikamwambia Bi Zakiya, "Denmark kuna viazi karai." Akasema, "Alhamdulillahi, mtoto hatapata taabu ya chakula."

Nikavua bangili zangu mbili, nikazifunga katika leso, nikamngoja sonara arudi kutoka msibani Kiwayu. Mungu amrehemu yule marehemu wa Kiwayu, maana msiba wake ndio ulioziokoa bangili zangu.

Jumatano baada ya adhuhuri Israa akaingia, amejaa vumbi la Siyu, ngozi ameikunja begani. Sikumwacha hata avue viatu.

"Mwanangu, umeshapata! Denmark! Bwana Philip anakusalimu."

"Bwana nani?"

Nikamweleza yote, kwa fahari, na Bi Zakiya akiongeza chumvi penye upungufu. Nilipofika kwenye jua la saa nne, Israa akakaa chini. Si kwenye kiti, chini, juu ya ngozi.

"Mama. Umemjibu Inge?"

"Nimemjibu mbona. Sikumtukana."

Akasoma nilichoandika. Akasoma tena. Halafu akafungua simu, akatafuta nyakati za swala za msikiti wa Denmark, akaniwekea mbele ya macho. Alfajiri, adhuhuri, alasiri. Magharibi: saa nne kasoro dakika mbili usiku.

"Msikiti gani huo unaadhini magharibi saa nne?" nikasema, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kunitoroka.

"Misikiti yote ya huko, Mama. Dunia imelala upande. Wao wako juu kabisa. Mwezi huu jua linawazunguka, halitaki kushuka. Kwetu sisi tuko katikati, ndiyo sababu halibadiliki." Akaufuta uso wake kwa kiganja. "Inge alikuwa akisema kweli. Na huyo Philip ni konmani, tapeli wa simu. Aliye Denmark akiangalia nje ya dirisha tu angejua."

Bwana Hadi alikuwa barazani akipiga msasa. Huyu mume wangu maneno yake kwa siku yanahesabika kwa vidole, na siku hiyo alitumia manne. Akasema, "Basi Athman alikuwa akifunga."

Hapana aliyecheka.

Kwanza nikampigia Bwana Philip. "Bwana Philip, magharibi ya leo huko?"

"Saa kumi na mbili na nusu, mama yangu, kama nilivyokuambia."

"Basi wewe uko Mombasa. Na viazi vyako ongeza ukwaju." Nikamkata, Israa akamfungia namba. Hilo lilikuwa jepesi.

La pili halikuwa jepesi. Israa alimwandikia Inge barua ya kuomba radhi, fupi, ya Kiingereza safi. Alhamisi saa sita mchana akakaa mbele ya simu amevaa nguo yake ya Idi. Saa sita na robo. Saa sita na nusu. Adhana ya adhuhuri ikalia. Akanyanyuka, akaenda kuswali, akarudi akaanza kukikunja kiti chake polepole, kama mtu anayekunja nguo za maiti.

"Nitatafuta Nairobi," akasema. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua.

Sasa, kwetu ukimkosea mtu humwandikii karatasi. Unakwenda, umechukua watu wa kukushuhudia, mnakaa, mnasalimiana mpaka moyo wa mtu ulainike, ndipo mnataja kosa. Nikasema, kama siwezi kwenda Denmark, Denmark ije hapa kiwandani kwangu, uani ndani ya nyumba, penye mwanga.

"Kunjua hicho kiti," nikamwambia.

"Mama, tafadhali, basi."

"Kunjua! Baba Israa, njoo ushike simu. Bi Zakiya, wewe shahidi, uliniambia nimesema vyema."

Nikavaa buibui jipya, nikafukiza udi, nikakaa kwenye kiti cha Israa. Bi Zakiya akatafuta pa kukaa, hakuna, akakaa kwenye mkono wa kiti. Bwana Hadi akaelekeza simu, akaanza kuchukua video. Nikaanza.

Nilimsalimu Inge. Nikamuuliza hali yake, mumewe kama yupo, watoto, wazee wake, wale watano wa karakana mmoja mmoja, jirani wa kulia na wa kushoto. Nikamwuliza kama jua halimsumbui kulala. Bi Zakiya akaitikia kila salamu kwa niaba ya Denmark. Halafu nikamwambia kosa ni langu, mtoto hana hatia. Kwamba mimi jua langu ni moja na nilidhani kila mtu amepewa hilo hilo. Nikanyanyua mikono, nikaegemea mbele, nikaegemea nyuma, nikalia kidogo, Bi Zakiya akanikumbatia akiwa pale pale juu ya mkono wa kiti. Dakika saba. Israa akaandika tafsiri chini yake huku akisema, "Wallahi nitajificha wapi," akaituma.

Kabla ya alasiri simu ikalia, ya picha. Mwanamke mwenye nywele za mvi zilizokatwa kama za mvulana, nyuma yake mbao tupu.

Akasema, "Hai Israa—" akaangalia kikaratasi. Akasema kwa Kiswahili cha kujikwaa, "Hujambo, mama?"

"Sijambo!" nikapiga ukelele.

"Baba hajambo? Na yule bibi aliyekaa kwenye mkono wa kiti?"

"Hajambo! Yupo!" akasema Bi Zakiya, akaingiza uso wake wote kwenye simu.

Baada ya hapo akarudi kwenye Kiingereza chake na Israa akatufasiria. Alikuwa ameitazama ile video mara tatu na wenzake. Wanaoomba nafasi wote humpelekea picha za kiti kitupu katika chumba cheupe, hakuna anayekikalia. Yeye alichotaka kujua tangu Jumatatu ni kama kiti kinachokunjika vile kitabeba watu wa kweli wanaoishi juu yake. Sasa ameona wanawake wawili wakilia juu yake dakika saba, na bawaba haikutikisika. Ila ana fomu ya kujaza, na fomu inataka namba.

"Anauliza uzito," Israa akasema, akitutazama kwa woga. "Wa wote wawili."

Mimi wangu naujua, mizani ya kliniki haina haya: tisini na moja. Nikautaja.

Bi Zakiya akajifunga ushungi. "Mimi mambo yangu ya mizani ni baina yangu na Mola wangu."

"Bi Zakiya, nakuomba," Israa akasema.

"Hata Badawi hajui, na tumeoana miaka ishirini na saba!"

"Zakiya," nikasema, "ulinishikia ukuta ukicheka. Mtoto huyu ni wako pia."

Inge huko Denmark ameshika kalamu. Bwana Hadi akatazama juu, penye anga, kama mtu asiyekuwepo. Bi Zakiya akamvuta Israa sikio, akanong'ona. Israa hakufumba wala kufumbua. Akajumlisha kichwani, akamwambia Inge jumla, na jumla peke yake.

Inge akapiga mluzi. Akaandika.

Sasa, hesabu ya kutoa nilifundishwa darasa la pili, na wangu naujua. Sitaiandika hapa. Yule ni rafiki.

Halafu Inge akasema neno, na Israa akalifasiri. Nafasi ya mwezi wa nane hakuna tena. Nilipomwandikia kwamba Israa haji, siku ya pili yake alimpa mtu mwingine. Nilihisi kiti kinakunjika na mimi ndani. Lakini, Israa akasema, na sasa anacheka na machozi yanamtiririka, wako tayari kumpokea mwezi wa kwanza. Ruhusa ya serikali wataiomba wao wenyewe, kwa karatasi zao, na hakuna ada ya kumpelekea mtu yeyote kwa simu. Mkataba ukaja Ijumaa. Babake amesoma kila ukurasa na kuna mstari mmoja ameomba wenyewe waupige msasa kidogo.

Kwa hiyo miezi mitano ya mwanangu niliila mimi kwa kumpenda. Mwenzangu, mtu mwongo ana wakati wa kukuuliza mguu wako, maana hana kazi nyingine. Mtu wa kweli huenda akawa na haraka, akaanza na kiti. Na ukimpima mtu kwa jua, hakikisha kwanza unalijua jua lake.

Jumapili nilimpigia Athman, Norwe. Nilimsalimu kwa urefu wote. Nikamwambia, "Athman, lile jina nimelifuta. Unisamehe na Ramadhani zako zote."

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Shemeji, nilishasamehe zamani. Na Israa anakuja huku lini?"

"Mwezi wa kwanza, inshallah."

"Aa, mwezi wa kwanza kule kwao magharibi inaingia saa kumi jioni."

Saa kumi! Hiyo kwetu ni alasiri, watu bado wananunua samaki. Ulimi ulinijaa mdomoni. Bi Zakiya, aliyekuwa ametega sikio kando yangu, akafungua mdomo, nikamfunika kwa kiganja.

"Sawa, Athman," nikasema. "Kama wewe umesema."